Risasi Isiyo na Jeraha

Ukungu ulikuwa bado haujainuka juu ya mji wa Njombe, na Telesia alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mapokezi ya kituo cha polisi, kapu la viazi katikati ya miguu. Askari wa zamu walikuwa wamemzoea. Tangu mume wake apotee, kila akienda sokoni alipita kwanza hapo, akauliza neno moja tu, "Hajaonekana?", akajibiwa, akabeba kapu lake akaondoka. Leo hakuuliza. Alimsubiri Mkaguzi Erica Mgaya avuke mlango, akasimama.

"Afande, Vitus amepatikana. Amepigwa risasi."

Erica alimshika mkono akamketisha tena. "Nani kakwambia?"

"Shemeji Alfonsi, mdogo wake. Amenipigia sasa hivi. Vitus amelazwa Lugarawa, hospitali ya misheni. Sista amemwambia ana risasi mwilini. Halafu mtandao ukakatika."

"Anaongea?"

"Anaongea. Ameniulizia." Telesia aliirudia ile kauli polepole, kama mtu anayehofia kupokonywa. "Ameniulizia mimi, Afande."

Habari ilikuwa imemtangulia Erica ofisini kwa mkuu wake. Afande Benno, Mkuu wa Upelelezi, alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hesabu zake zimejibu.

"Si nilisema? Wezi wamegombania mzigo, mmoja kala risasi. Nenda Lugarawa ukamchukue."

Mzigo wenyewe ulikuwa betri chakavu. Halmashauri ilikuwa imeanzisha utaratibu kwamba anayenunua betri mpya, ya gari au ya sola, arudishe dukani ile iliyokufa apunguziwe bei. Zilizorudishwa zikusanywe kwenye stoo moja Makambako, kisha zipelekwe kiwanda chenye kibali cha kuziyeyusha. Kabla ya hapo watu walizipasua uani kwa shoka, tindikali wakaimwaga mtaroni, risasi iliyomo ndani wakaiyeyusha kwenye sufuria wanayopikia. Vitus ndiye aliyekuwa dereva wa kenta ya kuzikusanya kutoka Njombe kwenda Makambako. Siku moja yeye na mzigo wakatoweka. Kenta ikakutwa kwenye maegesho ya malori ya Makambako, tupu, funguo juu ya kiti.

"Ile kenta niliikagua mwenyewe," Erica alisema. "Haina tundu, haina tone la damu."

"Alipigwa akiwa nje ya gari."

"Nje wapi, Afande? Makambako hakuna aliyesikia mlio. Naomba leo niende huko kwanza, kwenye stoo. Lugarawa nimeshawaomba wenzetu waweke askari mlangoni mwa wodi. Nimepiga simu ya hospitali, inaita tu."

Benno alikunywa chai yake hadi chini. "Leo tu. Kesho madiwani wanakaa, na wanataka kuambiwa kitu."

Erica alijua wanachotaka kuambiwa. Kwenye mtaa uliopakana na ile stoo watoto walikuwa wakiugua matumbo, na maneno yalikuwa yamezagaa kwamba halmashauri imewaletea watu sumu. Kwenye korido alimkuta Anneth Ngole, afisa mazingira, mwanamke mwembamba ambaye sweta lake lilikuwa na kalamu mbili kifuani. Utaratibu ule aliuandika yeye, na kata kwa kata aliupigania yeye.

"Kesho wanaufuta," Anneth alisema. "Wizi umetokea, watoto wanaumwa, basi, wanaufuta. Lakini Erica, betri hazitaacha kufa kwa sababu madiwani wamepiga kura. Zitarudi kule kule uani."

"Betri moja ya gari huwa nzito kiasi gani?"

"Huwezi kuinyanyua kwa mkono mmoja ukatabasamu. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Sijawahi kubeba."

*

Makambako upepo haupumziki. Ulikuwa ukizipeperusha turubai za malori barabarani na kusukuma vumbi jekundu hadi kwenye mlango wa stoo, ambako Danford, mwenye mkataba wa kuihifadhi, alimpokea Erica kwa heshima zote na kumtafutia kiti chenye mto.

"Karibu, Afande. Pole na baridi. Chai?"

"Asante, nimekunywa. Siku aliyopotea, Vitus alishusha mzigo hapa?"

"Hakufika kabisa. Nilimsubiri mpaka nikachoka. Mimi ndiye niliyekuja kuripoti."

"Unadhani mzigo ulikwenda wapi?"

"Ziwani." Danford alijibu bila kufikiri. "Yeye ni mtu wa Manda, kule Ludewa. Wavuvi wa kule wanaitafuta risasi kwa udi na uvumba, wanatengenezea chubwi za kuzamisha nyavu. Kila mtu anajua."

"Na hizi?" Erica alielekeza kidevu kwenye betri zilizopangwa ukutani hadi karibu na dari.

"Hizi ni za nyuma. Zinasubiri lori la kiwandani. Zihesabu ukitaka, hazipungui hata moja."

Erica hakuhesabu. Alitembea mbele ya ule ukuta wa betri, mikono nyuma, kisha akasimama, akashika mpini wa betri moja ya lori, ile kubwa, akainyanyua kwa mkono mmoja. Ilikuja juu kwa urahisi hata yeye mwenyewe akayumba. Akaitikisa. Ndani kukacheza kitu kama mahindi kwenye debe.

"Zimekauka maji," Danford alisema upesi. "Betri chakavu hukauka."

"Maji hayaachi changarawe."

Alipitisha kidole kwenye mfuniko. Pembeni kulikuwa na gundi ya rangi ya maziwa, haijashika hata vumbi, katika stoo ambayo kila kitu kilikuwa na vumbi. Alimwagiza koplo aliyekuja naye asimame mlangoni, akatoka kuzunguka jengo.

Nyuma, nyasi zilikuwa zimeota vizuri hadi mahali fulani, kisha zikakoma. Kutoka tundu lililotobolewa chini ya ukuta ulianzia mfereji mdogo wa udongo uliokauka mweupe, na kandokando yake hakukuwa na jani lililo hai. Mfereji ulipita chini ya uzio wa matete na kuingia uani kwa jirani. Huko, kwenye kamba, zilianikwa nguo za mtoto.

Mwanamke aliyekuwa akifua alinyanyua kichwa.

"Kamwene," Erica alimwamkia kwa Kibena.

"Kamwene, dada." Uso wake ulilegea kidogo. Jina lake alisema ni Hosiana. Erica alipoomba kuziangalia nguo hakushangaa, alijifuta povu mikononi akamshushia gauni moja. Lilikuwa na vitundu vidogo vidogo kwenye pindo, kana kwamba limeliwa na nondo, ila nondo hali gauni la nailoni na shati la pamba na soksi kwa mpangilio ule ule wa kuanzia chini kwenda juu.

"Anachezea wapi, huyu mwenye gauni?"

"Hapo hapo kwenye mfereji. Ukikauka unakuwa mweupe kama unga, wanauchotea kupikia ugali wao wa mchezo. Sasa hachezi tena. Yuko ndani amelala. Analalamika tumbo, hali, na lile jambo la kusoma alilokuwa amelishika, amelisahau. Alitaja herufi zote mwezi uliopita, dada. Mimi sikumfundisha, alijifundisha kwenye makopo. Nikimwonesha leo ananitazama tu. Nimekaa namsubiri arudi, na mwenyewe yuko pale kitandani."

Erica alikunja lile gauni taratibu. "Huku nyuma ya stoo huwa wanawasha moto?"

"Walikuwa wanawasha mchana kweupe. Moshi unaletwa na upepo mpaka kwenye sahani. Nikamwambia yule dereva wao, yule wa Ludewa. Mwenzake, yule mwenye stoo, angenifukuza. Yeye alikuja akamtazama mwanangu mlangoni, akamtazama sana. Akaniambia, 'Mama, mpeleke hospitali, na usimruhusu kugusa ule mfereji.' Sijamwona tena tangu siku hiyo."

Erica alimwambia amfunge mtoto mgongoni, gari la polisi litawapeleka hospitali sasa hivi, na asiache kusema neno "betri" kwa daktari. Kisha akarudi stoo.

"Pasua hii," alimwambia Danford.

"Afande, ni mali ya halmashauri."

"Pasua."

Koplo ndiye aliyepasua, kwa kipande cha chuma. Ganda la plastiki likaachia, na sakafuni ikamwagika changarawe iliyochanganywa na saruji kidogo. Hakukuwa na bamba hata moja la risasi. Walipasua ya pili, ya tatu. Changarawe.

"Kanuni inataka idadi," Erica alisema, "nawe ukaitunza idadi. Kiwandani zingefika zote, zimehesabiwa, nyepesi. Halafu ungesema nini?"

Danford alikaa kwenye kile kiti chenye mto. Alikuwa ameanza kutoka jasho kwenye ule upepo.

"Ungesema ziliibwa njiani na kubadilishwa. Na dereva," Erica aliendelea, "angekuwa ameshatoweka, bahati nzuri kwako. Mzigo wake wa mwisho ulishushwa hapa hapa. Nani alimpiga risasi?"

Danford alishtuka. Katika yote aliyosema asubuhi hiyo, mshtuko huo Erica aliona ndio pekee uliokuwa wa kweli.

"Risasi? Nani kapigwa? Afande, haki ya Mungu, mimi bunduki hata kuishika sijawahi! Mimi na Vitus hatukugombana kwa mikono. Alisema anaacha, akaacha. Na usidhani ni malaika, muulize mwenyewe! Yeye ndiye aliyekuwa akiyeyusha. Risasi yote iliyopita hapa imepita mikononi mwake, ameivuta, ameila, ameilalia—"

Erica alikuwa akiandika. Kalamu ilisimama juu ya lile neno.

Alitoka nje, akajikinga upepo kwenye pembe ya ukuta, akapiga tena simu ya hospitali. Safari hii ilipokelewa. Sauti ya mwanamke ilijitambulisha kuwa Sista Cresensia, muuguzi wa wodi ya wanaume.

"Sista, mgonjwa wenu Vitus. Jeraha lake liko wapi?"

"Jeraha lipi?"

"La risasi."

Upande wa pili Sista aliguna. "Ndiyo maana mmetuletea askari mwenye bunduki mlangoni? Hana jeraha, mama. Ana risasi kwenye damu, yale madini. Daktari ameziona fizi zake, zina ufito wa buluu. Damu yake tumeituma Mbeya kuhakikisha. Huyu mtu amekuwa akiyeyusha nini?"

*

Asubuhi iliyofuata walishuka kupitia Itoni, Telesia kiti cha nyuma na fuko la plastiki magotini. Kwenye kona za Lusitu ukungu ulikuwa bondeni kama maziwa yaliyomwagwa. Walipokunja Mkiu Telesia aliuliza mara moja tu kama Lugarawa bado mbali, na alipojibiwa kwamba si mbali akaanza kufunga upya kilemba chake, akakifungua, akakifunga.

Vitus alikuwa kitanda cha mwisho. Erica alikuwa amebeba picha yake kwa majuma na bado alisita kumtambua. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya blanketi, viganja vikining'inia kutoka kwenye vifundo kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jalidi. Alipomwona mke wake alijaribu kuinua kimoja. Hakikuinuka.

Telesia aliishia mlangoni.

"Uliniacha nikipita polisi kama mama wa jambazi," alisema. Sauti yake haikupanda. "Kila mara naambiwa hajaonekana. Nikisikia lori la Makambako linapunguza mwendo natoka nje. Ema ananiuliza, 'Ni baba?' Nasema si baba. Ungepiga simu, Vitus. Usingesema uko wapi. Ungesema tu uko hai."

"Vidole havibonyezi," Vitus alisema.

"Alfonsi ana vidole."

Vitus alifumba macho. "Niliona aibu."

Erica alivuta kiti. Hakuwa na kawaida ya kuwaacha mashahidi walie, lakini hapo alikitafuta kitambulisho chake kwenye mfuko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza maswali yake, moja baada ya jingine, na Vitus akayajibu yote.

Ndiyo, aliyeyusha. Danford ndiye aliyemwagiza tangu mwanzo. Kwa kazi hiyo mshahara haukuongezwa. Danford alimlipa kwa chubwi, ambazo Vitus alizimimina mwenyewe kwenye kibao cha mti kilichochongwa matundu, na kila zikijaa kiroba alimtumia Alfonsi kule Manda azitunze.

"Kwa ajili ya nini?" Erica aliuliza.

"Nyavu. Nyavu zangu mwenyewe." Aliitazama dari. "Baba alikufa akivua kwa nyavu za watu. Mimi nikaja huku juu, nikaambiwa Njombe kuna kazi. Kazi ipo. Lakini mimi, Afande, sijazoea kuamka nikaona milima tu. Ninaota maji. Naota nasukuma mtumbwi na Ema amekaa mbele. Nikawa nasema kiroba kimoja tena, kimoja tena, halafu tunarudi. Tumbo likaanza, nikasema ni baridi. Mikono ikaanza, nikasema ni usukani. Kisha nikamwona yule mtoto wa jirani ameshika tumbo kama ninavyolishika mimi. Nikajua sote wawili tumekula kitu kimoja."

"Ukamwambia Danford."

"Akasema mzigo mmoja tena. Nikashusha huo mmoja, nikaipeleka kenta kwenye maegesho, nikapanda basi la nyumbani. Hapa Lugarawa nikadondoka, nikakataa kuwatajia ndugu yeyote hadi juzi. Ziwani sikufika."

Sista Cresensia alikuwa amesimama nyuma yao na chano cha dawa. "Nguo zake za kazi," alimwuliza Telesia, "nani alikuwa anafua?"

"Mimi. Ila koti sikulifua." Telesia alifungua fuko la plastiki, akatoa koti zito la kijivu. "Nimemletea, kuna baridi. Tangu aondoke sikulifua. Lilikuwa na harufu yake. Nimekuwa nikilala nalo. Na Ema analala..."

Sista alikuwa ameshavuka chumba. Alilichukua lile koti kwa glavu, bila kulikung'uta, akalirudisha kwenye fuko na kulifunga mdomo kwa fundo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Vitus alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Tutachukua damu yako sasa hivi," Sista alisema, "na ya mtoto leo akifika. Mmewahi. Wewe unatembea, unaongea, mikono yako inashika. Godoro mtaliacha, shuka mtaziacha, nyumba itapigwa deki kwa maji, msifagie vumbi."

Telesia alibaki na mikono iliyofumbata hewa. "Na yeye? Naweza kumgusa?"

"Ameogeshwa, amevaa nguo za hospitali. Sumu iko ndani yake, haikurukii. Mguse, mama."

Alivuka wodi. Alikaa pembeni ya kitanda, akakinyanyua kile kiganja kilichoning'inia kwa mikono yake miwili, akakiegemeza shavuni, akakishikilia hapo kwa sababu chenyewe kisingeweza kukaa.

Erica alitoka kwenye veranda kupiga simu. Aliagiza Ema aletwe Lugarawa kwa gari la kituo. Kisha akampigia Anneth, ambaye alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Wametoka sasa hivi," Anneth alisema. "Niliweka ganda moja mbele yao, nikamwaga changarawe juu ya meza ya mwenyekiti. Hawakuufuta. Sasa betri itapimwa uzito dukani, itapimwa stoo, itapimwa kiwandani, na uzito ukipungua mwenye stoo anajibu. Ule mfereji utachimbuliwa, mtaa mzima watapimwa damu. Mtoto wa Hosiana amelazwa. Daktari anasema tumbo litapona. Kuhusu zile herufi, hajui."

"Hajui."

"Anasema tusubiri."

Aliporudi ndani, Erica alimweleza Vitus yanayomhusu, bila kuyatia sukari. Danford yuko mahabusu. Yeye naye atashtakiwa kwa kuyeyusha bila kibali, na viroba vya Manda vitachukuliwa kuwa vielelezo. Atakuwa pia shahidi mkuu, na hakimu ataambiwa alichomwambia Hosiana siku ile, na kwamba aliiacha kazi hiyo kwa hiari yake.

"Viroba vyote?" Vitus aliuliza.

"Vyote."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Afande, naomba dirisha lile lifunguliwe."

"Ziwa halionekani kutoka hapa," Sista alisema. "Kuna milima."

"Najua. Nataka upande wake tu."

Dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Telesia alilifungua, akaangalia jinsi alivyolala, akaona kwamba haitasaidia. Akashika chuma cha kitanda. Erica akaweka faili sakafuni, akashika upande wa pili. Waliinua pamoja, wakakizungusha, magurudumu yakilia kwenye saruji, hadi uso wa Vitus ukaelekea kule ambako vilima vilishuka kimoja nyuma ya kingine na kuishia kwenye weupe wa mbingu. Hewa baridi iliingia. Hakuna aliyeifungia.

Erica aliokota faili lake, akakaa pale ambapo asingemzibia.

"Sasa tuandike maelezo," alisema. "Anza tangu mwanzo. Taja jina lako kamili, na ulikozaliwa."